Ofisi Juu ya Duka la Miwani

"Kwa nini umetuchagua sisi?" mkuu wa idara ya migogoro aliuliza.

Msichana aliyekaa mbele yake alikuwa na jibu. Shangazi yake alimkaririsha tangu asubuhi huku akimnyoosha kola ya shati: sema kampuni ina jina, sema ni ndoto yako tangu utotoni, halafu tabasamu. Lakini jibu lilipofika mdomoni liligoma kutoka.

"Bado sijawachagua," alisema. "Nimekuja kuwaona."

Wakili kijana aliyekuwa akiandika pembeni aliacha kuandika. Mkuu wa idara, mwanamume mnene mwenye sauti ya upole, alimkazia macho, kisha akacheka mpaka tai ikawa inapanda na kushuka juu ya tumbo lake.

"Haya. Na wewe tuulize."

"Nikija hapa kwa mwaka wa mafunzo, nitakuwa nafanya nini?"

"Utasoma nyaraka, tena nyingi. Kesi zetu zina makabati mazima ya karatasi. Utazipanga, utazifupisha, utatafuta hukumu za zamani. Ukifanya vizuri tutakubakiza, na baada ya miaka kadhaa utasimama mbele ya jaji."

"Na wateja, nitawaona?"

"Mara chache."

"Na wale wanaotaka kupatana?"

Mkuu alifikiri kidogo. Hakuwa mtu wa kupaka rangi mambo. "Binti yangu, watu hawapandi ghorofa zote hizi kuja kupatana. Wanakuja kushinda, na sisi kushinda tunakujua. Hilo ndilo tutakalokufundisha."

Msichana alishukuru, akasimama. Alipokuwa ameshika kitasa cha mlango, mkuu alimwambia kwamba nafasi ni yake akiitaka, ila ajibu kabla mwezi haujaisha.

Nyumbani aliitwa Msumari. Jina hilo alipewa na shangazi, dada wa baba yake, aliyemlea tangu mama yake alipofariki. "Huyu akishaingia mahali," shangazi alizoea kuwaambia majirani, "humng'oi mpaka upasue ubao." Alikuwa amemaliza masomo ya sheria, na sasa alitakiwa kukaa mwaka mzima chini ya wakili kabla ya kuapishwa. Wenzake walikuwa wakigonga mlango wowote utakaofunguka. Yeye alijua anachokitaka. Mikataba haikumvutia, na hati za viwanja zilimletea usingizi. Alitaka kukaa mahali ambapo watu wamegombana, akajua la kufanya.

Shangazi ndiye aliyekuwa mapokezi ya kampuni ile. Alikaa nyuma ya meza ya marumaru miaka mingi, hata wateja wakubwa wakawa wanamwamkia yeye kwanza ndipo wawaulizie mawakili wao. Hakuwahi kumwombea mtu upendeleo. Kwa ajili ya mtoto wa kaka yake aliomba.

"Wamesemaje?" alinong'ona Msumari alipotoka kwenye lifti, huku akimtabasamia mteja aliyekuwa akipita.

"Wamenipa."

Shangazi alifumba macho, mkono kifuani.

"Ila nimewaambia nitafikiria."

Macho yakafumbuka. "Utafikiria nini? Mtu akiwekewa chakula mezani huuliza kijiko kimetengenezwa wapi?"

"Shangazi, ni mwaka mzima. Nitakachojifunza hapo ndicho nitakachokuwa."

"Utakuwa wakili wa ghorofani, ndicho utakachokuwa," alisema shangazi. Simu ikalia, akaipokea kwa sauti yake ya kazini, laini kama hariri.

Kesho yake Msumari alikwenda mahakamani. Hakuwa na kesi. Aliona kwamba mawakili wote wanapendeza wakiwa ofisini kwao, kama bidhaa ndani ya kioo cha duka, na akataka kuwaona wakiwa kazini. Akaketi kwenye benchi la nyuma, akasikiliza. Siku iliyofuata akarudi, na nyingine tena, mpaka mzee mmoja wa benchi lile akampa pole kwa kesi yake kuchelewa hivyo.

Alimwona wakili wa kampuni ya ghorofani, mwanamke mrefu aliyesimama kama mkuki. Aliwahoji mashahidi bila kupandisha sauti, swali juu ya swali, mpaka shahidi akajikuta amekiri alichokuwa akikikana. Moyo wa Msumari ulienda mbio. Alitamani kuwa yeye. Jaji alitoa uamuzi palepale, wakili akainamisha kichwa, akafunga mafaili, akaondoka simu ikiwa sikioni kwa sababu chumba cha pili walikuwa wakimsubiri.

Mteja wake, mwanamume mwenye koti la kuazima, alibaki katikati ya ukumbi. Akamgeukia Msumari, maana ndiye aliyekuwa karibu.

"Samahani, dada. Hapo tumeshinda?"

"Mmeshinda, kaka. Nyumba ni yako."

"Alhamdulillahi." Akatazama upande wa pili, alipokuwa akikusanya karatasi kijana waliyefanana pua na paji la uso. "Yule ni mdogo wangu. Tunakaa nyumba hiyohiyo. Sasa leo tunarudije?"

Msumari hakuwa na jibu. Usiku alijilaza akiligeuza swali lile kama mtu anayetafuta upande wa baridi wa mto.

Wiki ile ile alimwona Kobe. Mawakili wenzake ndio waliompa jina hilo, kwa sababu alizungumza polepole na kutembea polepole, na shingo yake nyembamba ilichomoza kwenye kola kama anayechungulia mvua. Siku hiyo alishindwa. Mteja wake, kinyozi, aliamriwa kuondoka kwenye chumba alichofanyia kazi tangu ujana wake. Msumari aliwaona wakitoka, akawafuata mpaka koridoni, akajifanya anafunga kamba ya kiatu.

Kobe alimketisha kinyozi kwenye benchi, akamsomea uamuzi wote, sentensi kwa sentensi, akimweleza kila moja maana yake. Katikati akasimamisha kidole.

"Hapa ndipo tulipoanguka. Lile swali nililomwuliza shahidi wao kuhusu mkataba wa kwanza, sikupaswa kuliuliza. Limewapa upenyo. Hilo ni kosa langu, si lako."

Kinyozi aliitikia kwa kichwa. Hakufurahi, lakini alielewa, na Msumari aliona jinsi mabega yake yalivyoshuka. Kisha Kobe akainuka, akamwendea mwenye nyumba. Yule bwana alijikaza kama anayengoja kutukanwa.

"Atatoka," Kobe alisema. "Sheria imesema na imekwisha. Utampa nafasi ya kuwaambia wateja wake anahamia wapi? Wamezoea kuja hapo."

Mwenye nyumba alibabaika. "Hilo halina shida. Hata akitaka abandike tangazo mlangoni, abandike."

Msumari alisimama, kamba ya kiatu bado haijafungwa. Alikuwa amesoma miaka yote ile na hakuna mwalimu aliyemwambia kwamba baada ya hukumu kuna kazi.

Ofisi ya Kobe ilikuwa juu ya duka la miwani, ngazi nyembamba, rangi ya kijani iliyochubuka kwa mabega ya wapandaji. Karani wake, mama mtu mzima aliyekuwa akifuma sweta, alimwonyesha mlango kwa sindano. Ndani kulikuwa na meza ya duara, viti vya kila aina, na dirisha lililotazama paa la bati.

"Sichukui wanafunzi," Kobe alisema kabla hajamaliza salamu. "Mwanafunzi anahitaji kesi akue. Mimi nusu ya kesi zangu naziua kabla hazijazaliwa."

"Hizo ndizo nataka kujifunza, mzee. Jinsi ya kuziua."

"Umeambiwa mahali pengine hupati nafasi?"

"Nimepata. Ghorofani."

Kobe alimtazama kwa mara ya kwanza. "Una homa?"

"Sina."

"Wale ni mawakili wazuri. Mimi mwenyewe nikishtakiwa nitawaendea wao. Nenda, mwanangu. Tena hapa sina hata kiti cha kukukalisha, unaviona vyote vina wenyewe."

Msumari alishuka. Asubuhi iliyofuata alipanda tena zile ngazi, jasho likimtoka, amebeba kiti cha plastiki kichwani. Karani aliangusha sindano kwa kicheko, akaingia ndani bila kubisha hodi. "Mzee, umeshindwa kesi nyingine. Kiti kimekuja."

Kobe hakucheka. Alikitazama kiti, akamtazama msichana, akakuna shingo.

"Kesho kutwa nina usuluhishi," alisema hatimaye. "Mtu na mama mkwe wake. Nimewauliza wakubali uwepo, wakikubali utaketi. Utakachosikia humu hakitoki humu, hata kwa mchumba, hata kwa kasisi. Na hutasema neno. Ukiona nyumba inaungua ninyooshee kidole tu."

"Sawa, mzee."

Ugomvi wenyewe ulikuwa juu ya shule ya udereva. Aliyeianzisha alikuwa binti wa yule mama na mke wa yule bwana. Alimfundisha mama yake kuendesha mama alipostaafu ualimu wa shule ya msingi, na mama akageuka kuwa mwalimu wa udereva anayeogopwa kuliko wote mtaani. Mume alikuwa fundi, ndiye aliyeyaweka magari barabarani. Kisha binti aliugua, akafariki. Mwaka haukuisha, mkwe na mama mkwe wakawa wamefikishana mahakamani, kila mmoja akidai shule ni yake. Mawakili wao waliwashauri wapitie kwa Kobe kwanza kabla ya kesi kusikilizwa.

Walikaa kwenye meza ya duara bila kutazamana. Wote wawili walisema na Kobe tu.

"Mwambie huyu," mama alianza, "magari hayawezi kulala kwenye gereji yake."

"Mwambie huyo mama," mkwe alijibu, "magari hulala panapotengenezwa."

Kobe aliwaacha waseme. Akauliza jambo dogo hapa, jambo dogo pale: nani anafungua geti asubuhi, wanafunzi wakifeli nani anawapa habari. Polepole mambo yakaanza kulainika. Waligawana saa za uwanja. Walikubaliana juu ya gari la kufundishia malori, ambalo mama alilichukia tangu zamani. Kisha mkwe akasema, akiitazama meza:

"Na lile bango la getini lishuke. Au lipakwe rangi."

Chumba kiliganda. Kwenye bango lile lilikuwa limeandikwa jina la marehemu.

"Jina la mwanangu," mama alisema taratibu, "lipakwe rangi."

Mkwe alifungua mdomo, akaufunga. Kobe naye akanyamaza. Alinyamaza sana. Chini, dukani, mtu aliyekuwa akipimwa macho alisikika akisoma herufi moja moja, akikosea, akirudia. Msumari aliutazama uso wa mkwe, taya zilizokaza, na ule ukimya ukamlemea kama gunia. Hakuvumilia.

"Lakini mama," alisema, "labda na yeye linamuumiza kulisoma kila siku."

Mama aligeuka. "Ahaa. Kumbe mmeshakaa mkapanga." Akachukua mkoba wake.

"Na wewe nani kakwambia linaniumiza?" mkwe alimaka, uso umemwiva. "Unanijua?"

Mlango ulijigonga nyuma ya mama. Muda si muda na mkwe naye akashuka ngazi.

Msumari alibaki ameshika ukingo wa kiti chake. Kobe alikusanya glasi za maji, akazipanga kwenye sinia.

"Ulichosema ni kweli?" aliuliza.

"Naamini ni kweli."

"Na mimi naamini. Alikuwa karibu kukisema mwenyewe, nilimwona. Umemnyang'anya mdomoni." Hakufoka, ingekuwa nafuu angefoka. "Nenda ghorofani, mwanangu. Huko utalipwa kwa kusema."

Alishuka ngazi machozi yakimchoma, akatembea mtaa mzima bila kujua anaelekea wapi. Kwenye kona alisimama, akajipangusa uso kwa kiganja. Angeweza kwenda nyumbani, avae ile suti, akubali ile nafasi, na hakuna ambaye angejua. Alifikiri juu ya hilo kwa dhati. Kisha akageuka, akapanda tena.

"Mzee, nafasi utaninyima, sawa. Lakini nimewaharibia watu jambo lao. Naomba ruhusa niwaendee kuwaomba radhi."

Kobe alikaa kimya, kisha akainua kidole chembamba. "Utaomba radhi. Hutasuluhisha. Unaijua tofauti?"

"Leo nimeijua."

Mkwe alimkuta chini ya gari, miguu tu ikionekana. Aliomba radhi kwa ile miguu. Baada ya kimya, sauti ikatoka chini: "Nimesikia. Nipe hiyo spana ya kumi na saba." Akampa. Mkono ulipoipokea ulisema, "Asante, dada," na hapo wakaishia.

Kwa mama haikuwa rahisi hivyo. Alimkuta uwanjani, amevaa kofia pana, akimwaga mwanafunzi mmoja garini. "Kioo! Nilisema kioo! Gari lina vioo vitatu, wewe unatazama viatu!" Alipomwona Msumari akakunja uso.

"Umetumwa na nani?"

"Nimejituma mwenyewe, mama. Nimekuja kuomba radhi. Niliambiwa ninyamaze, nikasema. Tena nilisema kama niliye upande mmoja. Nisamehe."

Mama alimpima kuanzia utosini mpaka kwenye viatu, kama anavyopimwa mwanafunzi aliyechelewa. "Unajua kuendesha?"

"Hapana."

"Panda."

"Mama, mimi nimekuja tu..."

"Siongei na mtu aliyesimama juani. Panda. Upande wa usukani."

Lilikuwa gari dogo lenye breki mbili, moja ya dereva na nyingine chini ya mguu wa mwalimu. Msumari aliwasha, gari likaruka kama chura, likazima. Akawasha tena. Walizunguka uwanja kwa mwendo wa maiti, wakipita magurudumu ya zamani yaliyopakwa chokaa, na kila walipopita getini bango lilikuwa pale juu: herufi za buluu zilizochorwa kwa mkono, moja kubwa kuliko nyingine.

"Alilichora mwenyewe," mama alisema, macho mbele. "Punguza. Kona hiyo. Alichafua ukumbi wangu wote kwa rangi." Wakapita tena. "Unajua kinachoniuma si bango? Yule mtu tangu tumzike hajawahi kulitaja jina lake. Anasema 'marehemu'. 'Marehemu alipenda hivi, marehemu alisema vile.' Kama anazungumzia jirani. Breki! Breki, binti!"

Gari lilisimama kwa mguu wa mama. Msumari alikuwa ameganda, mikono kwenye usukani. Maneno yalimjaa mdomoni. Alijua mambo matano ya kumfariji, na la sita kumhusu mkwe. Akayameza yote.

"Mama," alisema, "hilo si la kuniambia mimi. Nikilibeba mimi nitalimwaga njiani. Ungemwambia yeye."

Mama alivua kofia, akajipepea. "Una mguu mzito," alisema. "Lakini unasikia. Mwambie Kobe wenu nitakuja."

Alikuja, na mkwe akaja. Msumari alikuwa ameshaziweka glasi za maji na kujiandaa kutoka, lakini Kobe alisukuma kile kiti cha plastiki kwa mguu kuelekea mezani, asiseme kitu. Akaketi.

Mama alisema alichokisema garini, safari hii akimtazama mkwe. Mkwe alisikiliza, kichwa chini. Kimya kikaja, kirefu kuliko cha siku ile. Msumari aliuma ulimi, kweli aliuma mpaka akaonja damu. Alitazama paa la bati nje, njiwa wawili wakigombea kipande cha kitu.

"Nikilitaja," mkwe alisema mwishowe, sauti imekwaruza, "naitika mwenyewe. Usiku. Naita, halafu naitika mimi, kwa sauti yake. Mara ya kwanza niliogopa. Ndiyo maana nikaacha." Akapangusa pua kwa mgongo wa mkono wenye grisi. "Na asubuhi nafika getini, nalikuta pale, mwandiko wake. Mama, mimi sitaki kumfuta. Nataka nifike kazini bila kuanguka."

Halafu akalitaja. Akalitaja jina la mkewe, mara moja, kwa sauti ya kawaida, kama mtu anayemwita aliye chumba cha pili.

Mama akaweka kiganja juu ya ule mkono wa grisi. "Baba," alisema, kama mama mkwe anavyomwita mkwewe, "ungeniambia."

Hawakumaliza siku hiyo, na si kila kitu kilimalizika vizuri. Shule ilibaki kwa mama, pamoja na bango lake. Mkwe alichukua lori na gereji, akafungua uwanja wake upande mwingine wa mji, na sehemu ya wanafunzi wakamfuata, jambo ambalo mama alilalamikia mpaka karani akachoka kupokea simu zake. Lakini kesi iliondolewa mahakamani, na magari ya mama yaliendelea kutengenezwa kwa mkwe.

Siku walipotia saini, Kobe alisubiri ngazi zinyamaze. "Ghorofani umewajibu?"

"Bado. Nilikuwa nangoja unijibu wewe."

"Hapa hakuna umaarufu. Kesi ikifa mapema hakuna gazeti linaloandika. Mahakamani tutaenda pia, na utasimama mapema kuliko wenzako, na utashindwa mbele za watu, na ukishindwa utamweleza mteja kwa mdomo wako mwenyewe."

"Nilikuona ukifanya hivyo kwa kinyozi. Ndiyo maana nilikuja."

Kobe alikohoa, akaangalia pembeni. "Jumatatu, saa mbili," alisema. "Usichelewe."

Ugumu ulibaki nyumbani. Shangazi alisikiliza akiwa amesimama, kitambaa cha vyombo mkononi.

"Nimekuombea," alisema. "Mimi ambaye sijawahi kuomba. Sasa nitapita vipi mbele ya yule bwana? Umenivua nguo."

"Nitakwenda mwenyewe kumwambia, shangazi. Sitaandika wala kupiga simu. Lawama ije kwangu."

"Lawama huwa haiulizi anwani," alisema shangazi, akaingia chumbani.

Asubuhi Msumari alivaa ile suti, akapita mbele ya meza ya marumaru. Shangazi alimpa kadi ya mgeni kama anavyompa mtu yeyote. Juu, mkuu wa idara alimsikiliza mpaka mwisho.

"Kobe," alisema, akitikisa kichwa. "Unajua amepoteza kesi ngapi?"

"Niliiona moja."

"Mlango huu haufunguki tena, binti. Si kwa ubaya. Kuna wanaongoja."

"Najua, na nashukuru. Hapa ningejifunza kushinda. Mimi nataka kwanza nijue watu wanarudije nyumbani." Akapumua. "Na shangazi yangu hakujua nitakataa. Alinisifia kwa haki. Naomba lisimguse."

Mkuu alimtazama kwa muda. "Shangazi yako ndiye mwenye kampuni hii, sisi ni wapangaji tu," alisema, na safari hii hakucheka. Akampa mkono.

Shangazi alimnunia kwa majuma. Salamu zilikuwepo, chakula kilikuwepo, ila maneno yalipimwa kama dawa. Msumari hakumsukuma. Kila jioni alirudi, akavua viatu, akakaa jikoni kwenye kigoda, akakata vitunguu bila kuulizwa. Kuna siku alirudi amechoka hoi, macho mekundu, maana kutwa nzima alikuwa kati ya ndugu watatu waliokuwa wakigombania duka la baba yao, na kwa mara ya kwanza Kobe alikuwa amemwachia yeye aendeshe kikao.

Shangazi alimtupia jicho, akakoroga sufuria, akamtupia jicho tena.

"Leo mmefanya nini huko?" aliuliza kwa sauti kavu.

"Siwezi kusema, shangazi. Ni siri ya wateja."

"Hata mimi?"

Msumari alisita, kisu kikiwa juu ya kitunguu. Alitamani sana kumwambia. "Hata wewe."

Shangazi aliweka mwiko chini. Miaka yote ile nyuma ya meza ya marumaru aliona nani ameingia akilia na nani ametoka akicheka, alijua ndoa zipi zimevunjika na matajiri gani wameanguka, na hakuna jirani aliyewahi kupata hata nusu ya neno kutoka kwake.

"Hapo sawa," alisema. Akavuta kigoda cha pili, akaketi karibu naye, akachukua kitunguu kimoja. "Kata vyembamba. Na hayo macho kayaoshe kwanza."